Kanchanjunga, Mumbai

Kanchanjunga ni jengo la fleti za kifahari lililoko kwenye kilima cha Cumballa, kusini mwa jiji la Mumbai, India. Lilikamilika mwaka 1983. Lina ghorofa 28, urefu wa mita 84 na fleti 32 tu, zenye vyumba vya kulala kuanzia vitatu hadi sita. Lilisanifiwa na Charles Correa (1930–2015) akishirikiana na Pravina Mehta, huku Shirish Patel akiwa mhandisi wake. Jina lake ni la mlima wa Himalaya ambao ni wa tatu kwa urefu duniani.

Kwa mbali linaonekana kama mnara mwingine wa zege: mraba wa mita 21 kila upande, kuta nyeupe, madirisha machache. Jicho hunaswa na pembe zake. Huko ukuta umemegwa, na katika kila pengo imewekwa roshani pana yenye kimo cha ghorofa mbili, iliyo wazi kwa upepo na yenye nafasi ya kutosha kuoteshea bustani.

Mapengo hayo hayakuwekwa kwa urembo. Mtu anayejenga Mumbai hutaka nyumba itazame magharibi, kwenye Bahari ya Uarabu, maana huko ndiko upepo unakotoka. Upande wa mashariki kuna bandari, nako ni mandhari ya kutamanika. Shida ni kwamba magharibi hiyohiyo huleta jua kali la alasiri, na kuanzia Juni hadi Septemba huleta mvua za msimu. Pepo za kusi, zilezile zilizosukuma majahazi kutoka Zanzibar kwenda Bombay (jina la zamani la Mumbai), hufika huko zikiwa zimejaa maji, na jiji hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Majumba ya zamani ya bangalo yalitatua jambo hilo kwa baraza iliyozunguka vyumba: mvua na jua viliishia barazani, ndani kukabaki pakavu na penye kivuli. Correa aliichukua baraza hiyo akaipandisha angani. Mwenye fleti hufungua milango upepo upite toka upande mmoja wa jengo hadi wa pili, na mawingu yakikusanyika hurudi ndani, roshani ikabaki kupokea dhoruba badala ya sebule.

Kazi ya Patel haikuwa nyepesi, kwa kuwa pembe ndizo mahali ambapo mhandisi angependa kusimamisha nguzo. Uzito na msukumo wa upepo vilihamishiwa kwenye kiini cha zege katikati ya jengo, kinachobeba pia lifti. Kiini hicho kilitangulia kupanda kabla ya sehemu nyingine, kwa kutumia kalibu iliyokuwa ikisogezwa juu kadiri zege lilivyokuwa likimwagwa. Fleti zenyewe zimeshikana kama vidole vya mikono miwili, na ndani yake sakafu hupanda na kushuka kwa ngazi chache. Wazo la kushikanisha fleti msanifu Le Corbusier alikuwa amelitumia Marseille, katika jengo lake lililokamilika mwaka 1952, lakini roshani zile ni jibu la Mumbai.

Je, jengo limefaulu? Kwa hali ya hewa, naam, na kwa namna ambayo minara mingi iliyofuata haikuthubutu kuijaribu. Roshani ya ghorofa mbili hula nafasi ambayo mjenzi angeiuza, na jijini humo ni kawaida kuona roshani za majengo mengine zikizibwa kwa vioo ili ziwe vyumba. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba mandhari na upepo hutegemea majirani, na mtaa wake umejaa minara.

Si mbali na hapo liko Antilia, jumba la familia ya tajiri Mukesh Ambani, lililokamilika mwaka 2010: ghorofa 27, mita 173, familia moja. Likipimwa kando ya jumba hilo, Kanchanjunga lina kiasi, ingawa fleti zake hazijawahi kuwa za mtu wa kawaida.

Correa alilijua hilo. Yeye, Mehta na Patel ndio waliopendekeza katikati ya miaka ya 1960 kwamba mji mpya, Navi Mumbai, ujengwe ng'ambo ya bandari ili kupunguza msongamano. Huko Belapur, ndani ya mji huo, mara tu baada ya Kanchanjunga, Correa alijenga mtaa wa nyumba fupi kwa watu wa vipato tofauti. Ziko mbalimbali bila kushiriki kuta, zimekusanyika kuzunguka viwanja vidogo, na kila moja ina eneo lake la wazi, ili familia iweze kuongeza chumba kadiri mfuko unavyoruhusu.