Gulio la Ng'ombe Katikati ya Mji

Kati ya mwaka 1937 na 1939, wanafunzi wa shule za msingi zipatazo 5,000 nchini Ayalandi walipewa kazi ya kuwahoji wazee wao na kuandika walichosikia. Tume ya taifa ya mapokeo, iliyoundwa mwaka 1935, ilitaka kumbukumbu hizo ziwekwe kwenye daftari kabla wenyewe hawajafariki. Magulio ya mifugo yalikuwa miongoni mwa mambo waliyoagizwa kuuliza, na bila watoto wale tungetegemea zaidi hati za kifalme zilizoruhusu magulio: ya Killorglin ya mwaka 1613, ambako hadi leo beberu wa mwituni huvishwa taji kila Agosti, na ya Ballinasloe ya mwaka 1722.

Gulio lilijaa barabarani, mbele ya maduka na kanisa. Mkulima aliondoka nyumbani usiku wa manane akiswaga ng'ombe wake, apate nafasi nzuri kabla hakujapambazuka. Wenye maduka walikinga madirisha kwa mbao. Siku hiyo shule nyingi zilifungwa.

Mnunuzi alimzunguka mtamba, akambonyeza mgongo na mbavu kupima mnofu, kisha akataja bei ya kumtukana mwenye mali. Muuzaji akageuza uso. Mnunuzi akaondoka kama aliyeghairi, na hapo dalali akaingia kazini: akamkimbilia, akamshika koti, akamrudisha. Aliwasihi wagawane ile pauni iliyowatenganisha, akaivuta mikono yao mpaka viganja vikakutana kwa kishindo. Wengine walitema mate kiganjani kwanza. Bei ikafungwa hivyo, bila karatasi wala sahihi, na mnyama akatiwa alama ya mkasi kwenye manyoya au ya tope mgongoni. Ilibaki peni ya bahati, sehemu ndogo ya fedha ambayo muuzaji alimrudishia mnunuzi ili mnyama amfae. Nayo iligombewa vilevile.

Kuna wanaoyasimulia haya kama sherehe tupu, nami nadhani wanamdhulumu mkulima. Aliyetembea usiku kucha, huku kodi ya shamba ikimngoja, hakuwa na nguvu ya kurudi na ng'ombe wake, na wachuuzi walilijua hilo. Baadhi yao waliwavizia wakulima gizani nje ya mji wanunue kabla bei ya siku haijajulikana. Hata madaftari ya watoto yaliandikwa wakati mgumu. Mwaka 1932 serikali ya Ayalandi chini ya Éamon de Valera iligoma kuilipa Uingereza marejesho ya mikopo ya ardhi, na Uingereza ikawatoza ng'ombe wa Ayalandi ushuru mzito. Soko likaanguka kiasi kwamba serikali ililipa watu wachinje ndama. Mapatano yalifikiwa mwaka 1938.

Kuanzia miaka ya 1950 minada ya ushirika iliyaondoa magulio mitaani. Ng'ombe alipimwa kwenye mizani, mnadi akaita bei mbele ya wote, na malipo yakapitia ofisini. Mkulima alipata haki aliyoikosa kwa karne nyingi. Wenye baa na maduka madogo ndio walioikosa siku yao kubwa ya mauzo. Dalali hakuwa na kazi tena, isipokuwa kwenye magulio ya farasi kama la Ballinasloe, linalofanyika kila Oktoba. Peni ya bahati yenyewe ilihamia mnadani: bei ikishaitwa, wauzaji wengi waliendelea kumtafuta mnunuzi na kumtilia noti mkononi.