Shinikizo: Neno moja, maana tele
SHINIKIZO ni nomino itokanayo na kitenzi shinikiza, yaani kusukuma kwa nguvu au kulazimisha.

Katika fizikia, ni kani ikigawanywa kwa eneo inalolielemea. Ndiposa kisu kikali hukata upesi kuliko kibutu. Hupimwa kwa paskali, jina linalomuenzi Mfaransa Blaise Pascal (1623-1662). Shinikizo la hewa nalo hupungua kadiri tupandavyo juu. Maji yanayochemka kwa nyuzijoto 100 mjini Mombasa huchemka kwa takriban 94 jijini Nairobi, na maharagwe huchelewa kuiva.

Katika jamii, shinikizo ni ushawishi au shuruti: vijana hushinikizwa na marika, viongozi na wananchi.

Katika tiba, shinikizo la damu ni nguvu ya damu dhidi ya kuta za mishipa. Likizidi, wengi huita maradhi hayo presha. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikijirudia, huashiria ugonjwa.

Hapa maana zisichanganywe. Presha si wingi wa mawazo; hata mtu mtulivu huweza kuugua bila dalili yoyote. Asiyepimwa hawezi kujua.