Serikali Ikianguka, Nani Atakulinda?

Kila stima ikipotea mtaa mzima, kuna msee lazima atasema, "Hapa serikali ikianguka ni watu kukulana tu." Hiyo tumelishwa na filamu za mazombi. Lakini hatuna haja ya kubahatisha, jirani yetu alipitia.

Januari 1991 Siad Barre alitoroka Mogadishu. Polisi, korti, benki kuu, vyote vikaisha. Na ndiyo, damu ilimwagika. Wababe wa vita waligawana mji, halafu njaa ya 1992 ikamaliza watu, hasa wakulima wa kusini waliokuwa wameporwa nafaka.

Sasa sikia hii. Shilingi ya Somalia iliendelea kutumika! Benki kuu imefungwa, hakuna wa kuidhamini, lakini mama wa sokoni anaichukua kwa sababu anajua muuza sukari naye ataichukua. Hata wababe walipoleta noti walizochapishiwa kivyao, thamani ikashuka vibaya, bado watu waliendelea nazo. Pesa za ng'ambo zikapita kwa hawala. Ukila pesa ya mtu, ukoo wako unajulikana na jina lako limeisha.

Kilichoshikilia mambo ni xeer, sheria ya mdomo ya koo. Ukiua mwanamume, kijadi fidia ni ngamia 100, na hulipi peke yako. Binamu zako wanachanga. Kwa hivyo ukianza kushika bunduki ovyo, wa kwanza kukukalisha chini ni binamu, si askari. Ni mifugo yake inaenda. Kule Somaliland wazee walikaa Borama miezi kadhaa mwaka 1993, wakapatanisha koo, wakamchagua Egal awe rais. Wazee wenyewe wakabaki na bunge lao, Guurti.

Mimi niliacha chuo, so sitajifanya profesa, lakini kuna watu mtandaoni wanaisoma hii historia na kusema, "Mnaona? Serikali si lazima." Pole pole, buda. Waulize Wabarawa.

Hawa ni watu wa pwani ya Somalia, lugha yao Chimwini ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Wafanyabiashara, mafundi, masheikh. Hawakuwa na ukoo wenye bunduki. Kila kundi lililopita Barawa liliwapora, wanawake wakabakwa, na hakukuwa na binamu wa kudai ngamia kwa niaba yao. Wengi walipanda mashua hadi Mombasa wakawa wakimbizi. Xeer ilikuwepo wakati huo wote. Haikuwa yao tu.

Hata kwa walio ndani, fidia ya mwanamke kijadi ilikuwa ngamia 50. Nusu.

Jana usiku, stima ikiwa imepotea tena, nilihesabu milango ya ploti yetu. Kumi na nne. Majina ninayojua ni mawili, na mmoja ni soja wa geti.