Hornberg: Ngome ya Msee wa Mkono wa Chuma

Wadosi wengi hununua boma ndio wajibambe. Götz von Berlichingen alinunua lake 1517, na baadaye likageuka jela yake.

Iko wapi?
Hornberg ni ngome ya mawe iliyo juu ya mlima, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Chini kunapita mto Neckar, na hapo kando kuna kijiji kidogo kinaitwa Neckarzimmern. Mteremko wote ni mashamba ya zabibu za kutengeneza mvinyo.

Götz alikuwa nani?
Alikuwa askari wa farasi wa kukodishwa: ukiwa na doh, anakupigania. 1504, kwenye vita vya Landshut, mzinga ulimkata mkono wa kulia. Msee hakustaafu. Alitengenezewa mkono wa chuma wenye vidole vya kukunjika, akarudi kazi. Alivamia wafanyabiashara barabarani na kuteka matajiri ndio alipwe fidia. Kaisari alimpiga marufuku mara mbili, lakini wapi.

Wakulima walipochoka
1525, wakulima wa Ujerumani walichoshwa na kodi na kazi za bure za mabwana wao, wakawaka. Mbogi ya Odenwald ilimchukua Götz awe kiongozi. Yeye mwenyewe alikuja kuandika kwa kitabu chake ati alilazimishwa. Alikaa nao kama mwezi mmoja, halafu akahepa kabla ya vita vya Königshofen. Huko wakulima waliuawa kwa maelfu.

Jela ya nyumbani
Kuhepa hakukumwokoa kabisa. 1528 alishikwa, akawekwa ndani huko Augsburg hadi 1530. Ndio aachiliwe, aliapa hatatoka kwenye ardhi ya Hornberg, hatapanda farasi, na hatalala nje ya ngome hata usiku mmoja. Alikaa hivyo miaka kama kumi, hadi Kaisari Karl V akamwachilia kwa sababu alihitaji wapiganaji. Götz alifia Hornberg 1562, akiwa na miaka kama 80.

Sasa pima mwenyewe: wakulima walilipa kwa damu, mdosi akalipa kwa kukaa kwake. Na bado ni yeye anakumbukwa kama shujaa, hasa baada ya Goethe kumwandikia tamthilia 1773. Wale wakulima wengi hata majina yao hayajulikani.

Nani ako nayo leo?
Familia ya Gemmingen iliinunua 1612, na bado ni yao. Sehemu kubwa ni magofu, lakini kuna hoteli, na mvinyo bado unatengenezwa. Ukitaka kuona mkono wenyewe, usiutafute Hornberg. Uko Jagsthausen, kwenye ngome nyingine ya ukoo wa Berlichingen.