Udugu wa kuchanjiana

Udugu wa kuchanjiana ni undugu unaofungwa kwa kiapo na damu kati ya watu wasiozaliwa katika ukoo mmoja. Usichanganywe na ndugu wa damu, yaani wa kuzaliwa. Zamani ulijulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, pamoja na milima ya Usambara, kwa Wasambaa na majirani zao Wazigua, Wabondei na Wapare.

Namna ya kuchanjiana

Kila mmoja alichanjwa chale, mara nyingi kifuani au tumboni, kwingine mkononi au mguuni. Kipande cha nyama, hasa ini, kilipakwa damu, na kila mmoja akala chenye damu ya mwenzake. Shahidi aliwaapiza: atakayemsaliti nduguye, kiapo kimuue. Kovu lilibaki mwilini kama ukumbusho.

Faida yake

Katika karne ya 19 misafara ya Pangani ilipita chini ya milima hii. Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai wa Vugha, alihamia Mazinde kando ya njia hiyo. Msafiri hakuwa na polisi wala mahakama ya kumlinda ugenini. Ndugu wa kuchanjia alimpa malazi, chakula na ulinzi, na jamaa zake walimhesabu mgeni kuwa wao. Henry Morton Stanley alichanjiana na mtemi Mirambo wa Unyamwezi mwaka 1876.

Carl Peters naye alifanya hivyo na baadhi ya watawala wa bara mwaka 1884, kisha akawatia alama kwenye karatasi za Kijerumani. Kwa wenyeji huo ulikuwa undugu. Kwa Peters ilikuwa hati ya kumiliki nchi, na mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaikubali. Hapa ndipo desturi hii iligeuzwa mtego, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno.

Alama nyingine za ukoo

Chale za kuchanjiana hazikuwa pambo. Nembo za Wamakonde, zilizochanjwa usoni na mwilini na kupakwa masizi, zilionyesha kabila la mtu. (Neno *nembo* lenyewe lilimaanisha chale hizo kabla ya kuwa alama ya shirika au taifa.) Huko Polinesia, Wasamoa huchora *tatau*, na wengi huivaa kwa heshima ya familia.

Kuchangia wembe huweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini.