Mtihani kafanya yeye, cheti ni cha nani?

Nimekuwa kimya, manake UE zilitubana kweli kweli, na zilipoisha tu nikapanda basi hadi kwetu Chilangala, kule Newala juu ya uwanda wa Makonde. Leo sina stori za bumu kuchelewa wala za sapu. Nataka kuandika historia kidogo, kwa kuwa ndilo somo nitakalofundisha Mungu akipenda, na historia yenyewe inahusu makaratasi.

Kilichonianzishia ni herufi moja. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa jina la baba lina L, kwenye cheti cha kidato cha nne lina R. Basi! Kwa herufi hiyo moja nimezunguka kwa wakili, nikala kiapo, nikagongewa muhuri na hela ikanitoka. Kuna ofisi moja walinitazama juu hadi chini wakaniuliza, "Kwani huyu ni wewe kweli?" Nikajiuliza, hivi kama herufi moja inanitoa jasho namna hii, mtu ambaye jina zima limebadilika anapitaje mlango wa ajira?

Jibu nimelipata Kenya. Kule kuna dada anaitwa Audrey Mbugua. Alipozaliwa aliandikwa mvulana, akalelewa na kusomeshwa kama mvulana. Mwaka 2001 alifanya mtihani wa kidato cha nne (wenzetu wanauita KCSE) katika shule ya Kiambu, akapata wastani wa A-. Jamani, A- ya KCSE siyo mchezo. Akaenda Chuo Kikuu cha Maseno kusoma sayansi na teknolojia ya tiba. Ila yeye ni transijenda, yaani jinsi aliyoandikiwa siku ya kuzaliwa siyo ile anayojijua nayo. Akaanza kuishi kama mwanamke, akabadili jina kisheria.

Sasa tatizo likaja. Anaingia kwenye usaili mwanamke anayeitwa Audrey, anatoa bahasha, ndani kuna cheti chenye jina la kiume na alama ya kiume. Bosi anafikiri nini? Cha watu hicho! Au anaanza maswali ambayo hayana uhusiano wowote na kazi. Audrey alikaa miaka bila ajira akiwa na digrii yake mkononi. Kipindi hicho hicho alikuwa kwenye harakati za shirika linaloitwa Transgender Education and Advocacy, na hilo nalo lilinyimwa usajili mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru, Julai 2014, lisajiliwe.

Kuhusu cheti, aliliomba Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) libadilishe jina na liondoe alama ya jinsi. Likakataa. Akaenda mahakamani. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu jijini Nairobi akatoa hukumu: baraza litoe cheti kipya chenye jina la Audrey, bila alama ya jinsi, ndani ya siku 45. Hoja yake nimeipenda kwa sababu ni hoja ya kielimu kabisa. Alama za mtihani hazipatikani kwa kuwa mwanamume au mwanamke, kwa hiyo ukiiondoa ile alama ya jinsi, cheti hakipungui thamani hata chembe. Akagusia pia utu wa binadamu, ambao Katiba ya Kenya ya 2010 inaulinda.

Najua kuna mdau atasema, "Hayo ni mambo ya Kenya, kwetu yanahusu nini?" Ngoja nirudi Chilangala.

Jioni moja nilimhadithia bibi kisa hiki, tumekaa nje tunabangua korosho. Bibi yangu hana jina moja. Ana jina alilopewa mchanga, ana jina alilotoka nalo unyagoni, na ana la ubatizo. Kwetu ndivyo ilivyo, mvulana akitoka likumbi, au msichana akitoka unyago, anatoka na jina jipya. Ukimwita kwa lile la utotoni mbele za watu umemvunjia heshima. Wamisionari wa UMCA waliofika Masasi mwaka 1876 na Askofu Steere wakaongeza majina ya ubatizo juu ya hayo. Baadaye Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakulipiga jando marufuku, alilitengenezea sura ya Kikristo. Kwa hiyo mtu wa huku kwetu alikuwa na majina matatu na wote walimjua ni yeye yule. Iliyokuja kutaka jina moja lisilobadilika ni karatasi ya shule na ya mwajiri.

Nisieleweke vibaya. Sisemi jando na unyago vilikuwa na nafasi kwa transijenda. Thubutu! Hakuna mahali mvulana na msichana wanatenganishwa kama huko. Ninachosema ni kwamba wazo la mtu kuwa na jina jipya na akabaki mtu yule yule siyo la Ulaya. Babu zetu walilijua.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mume wangu, hayo ya kuwa mwanamume ama mwanamke mimi siyajui, usiniulize. Lakini mtihani aliufanya nani?"

Nikamwambia, "Aliufanya yeye."

"Basi cheti ni cha nani?"

Nikakaa kimya. Jaji wa Nairobi aliandika kurasa kibao, bibi kamaliza kwa maswali mawili.

Nasema hivi kwa sababu kuna mtu ninamfahamu. Simtaji jina, wala shule, wala mji anakoishi. Tulisoma wote na hesabu alikuwa anatufundisha sisi wengine. Leo anauza nguo za mitumba. Siyo kwamba biashara ni mbaya, hapana. Ila aliwahi kuniambia kwamba mitumba haiulizi cheti. Kazi zote zinazouliza cheti amezifuta kichwani mwake, na cheti chake kizuri kipo chini ya sanduku. Nilipoishia mimi na herufi moja, yeye ndipo anapoanzia.

Na msidhani ni umaskini wetu tu. Marekani kulikuwa na mhandisi wa kompyuta, Lynn Conway. Mwaka 1968 kampuni ya IBM ilimfukuza alipoeleza kwamba anabadili jinsia. Akaanza upya na jina jipya, kazi za chini kabisa, manake sifa zote za nyuma zilikuwa kwenye jina la zamani na asingeweza kuzitaja bila kujifichua. Baadaye akafika kituo cha utafiti cha Xerox huko California, na mwaka 1980 akatoa pamoja na Carver Mead kitabu cha kubuni chipu za kompyuta kilichobadilisha ufundishaji wa fani hiyo. IBM walimwomba radhi mwaka 2020, miaka 52 baadaye. Alifariki 2024. Fikiria ni akina Conway wangapi hawakupata wa kuwapa nafasi ya pili.

Hapa kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa kabila, dini, jinsi, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU na mengine. Transijenda hawatajwi kwa jina. Wakati huo huo jedwali la matokeo ya NECTA lina safu nzima ya jinsi, F au M, kando ya namba ya mtahiniwa. Tangu siku ya matokeo ile herufi inakufuata mpaka mezani kwa mwajiri.

Sasa mahali pa kazi panapomfaa kila mtu panafananaje? Nionavyo mimi siyo lazima paanze na makubwa. Mwajiri apime kazi kwanza. Vyeti vyenye jina la zamani vikaguliwe na ofisa mmoja, avifungie kabatini, habari isigeuke umbea wa kantini. Mtu aitwe kwa jina alilojitambulisha nalo. Maswali ya mwili wake yaishie hospitali. Hivyo vyote havina gharama. Mimi kuhakiki herufi moja kumenigharimu zaidi!

Na sisi walimu watarajiwa tujitazame. Kesho kutwa mimi ndiye nitakayeshika kalamu na rejista ya darasa, nijaze majina na F na M, nikiona naandika tu. Kumbe naandika mlango ambao mtu atafunguliwa au atafungiwa baada ya miaka 10.

Narudi chuoni Jumatatu na bahasha yangu ya kiapo. Yule rafiki nimemtumia ujumbe nikampa kisa cha Audrey. Amejibu kwa neno moja tu: "Kumbe?"

Tafakari, mdau. Alamsiki.