Sotoka, mayai na barrière ya Goma

Mwaka 1920 meli iliyobeba ng'ombe wa nundu kutoka India, wakipelekwa Brazili, ilitia nanga Antwerp, bandari ambayo mali ya Kongo nayo ilipitia kuingia Ubelgiji. Ng'ombe wale walikuwa na sotoka. Ugonjwa ukawarukia wengine, wakauzwa, na kabla ya watu kushtuka ulikuwa umeshaenea nchini. Mwaka uliofuata wajumbe wa mataifa walikutana Paris kuzungumzia balaa hilo, na tarehe 25 Januari 1924 nchi 28 zikatia saini mkataba ulioanzisha ofisi ya kimataifa ya magonjwa ya wanyama, ambayo leo ndiyo Shirika la Afya ya Wanyama Duniani. Kanuni za leo za kutangaza mlipuko, kutoa cheti cha afya ya mifugo na kuzuia nyama ya jirani zimejengwa juu ya mkataba huo.

Kivu, mashariki mwa Kongo, ilikuwa imeshaijua sotoka miaka thelathini kabla. Iliingia Afrika kupitia Eritrea mwaka 1887, ikashuka kusini, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafika Maziwa Makuu. Wanyarwanda waliiita umuryamo. Ng'ombe walitokwa na machozi na mate, wakaharisha, wakafa ndani ya siku chache, na watu waliokuwa wakiishi kwa maziwa yao wakafa njaa. Mjerumani von Götzen alipofika Ziwa Kivu mwaka 1894, nchi aliyoipita ilikuwa imetoka tu kwenye msiba huo. Jambo hili linauma kulikumbuka: kanuni zinazomsimamisha leo mama wa Goma mpakani ziliandikwa Ulaya ilipoguswa, wala si pale Afrika ilipopoteza ng'ombe wake wengi.

Mpaka wenyewe ulichorwa mwaka 1910, katika makubaliano ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza. Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda zikakua zikigusana ubavu kwa ubavu, lakini malisho hayakugawanyika kirahisi namna hiyo. Kuanzia 1937 Wabelgiji walihamishia vilima vya Masisi, karibu na Goma, familia nyingi kutoka Rwanda. Baadaye vilima vile vikawa nchi ya ng'ombe, na jibini ya Masisi, mviringo wa manjano unaopangwa madukani Goma, ikapata jina hadi Kinshasa. Kisha vikaja vita vya 1993, wakimbizi wa 1994 na vita vya 1996. Ng'ombe waliporwa na kuchinjwa kwa wingi. Mji uliozoea kuona nyama na maziwa vikishuka kutoka Masisi ukazidi kutazama ng'ambo: ng'ombe na nyama kutoka Rwanda, mayai kutoka Uganda.

Hapo ndipo ugonjwa wa mnyama wa nchi nyingine unapogeuka kuwa bei ya soko la Virunga mjini Goma.

Tarehe 15 Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua ya ndege. Ndege wa porini walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria, karibu na Entebbe, na kuku na bata wa kufugwa huko Masaka. Kenya na Rwanda hazikuchelewa kupiga marufuku kuku na mayai ya Uganda. Goma ina njia mbili kuu za chakula upande wa mashariki, ile ya Rwanda na ile ya Bunagana, mpakani na Uganda, kupitia Rutshuru. Moja ikibanwa, nyingine huelemewa. Na virusi havikungoja lori. Mwaka huohuo mafua hayo yalithibitishwa Ituri, kando ya Ziwa Albert, ambako ndege wa majini huvuka toka Uganda kila siku bila kumwonyesha mtu karatasi.

Mtu akitaka kuelewa uzito wa kanuni hizi, aitazame trei ya mayai pale Petite Barrière, kivuko cha waenda kwa miguu kati ya Goma na Gisenyi. Ni mayai 30, na trei kadhaa hupangwa moja juu ya nyingine na kufungwa kwa utepe wa mpira, zikabebwa kichwani au kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtu mwenye ulemavu. Kabla ya Covid watu zaidi ya 50,000 walikuwa wakivuka pale kwa siku. Amri ya rais wa Kongo ya mwaka 2002 iliruhusu huduma nne tu kufanya kazi mipakani: forodha, uhamiaji, ofisi ya udhibiti wa bidhaa na usafi wa mipakani. Karantini ya wanyama na mimea haikutajwa. Huduma hiyo ndiyo yenye kazi ya kuangalia kama mzigo una ugonjwa, na kwa sheria hiyo haikuwa na kiti mezani. Wakati huohuo wachuuzi wamelalamika kwa miaka mingi juu ya utitiri wa watoza ada wasiotajwa popote. Utaratibu wa biashara ndogo wa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, unaondoa ushuru wa forodha kwa mizigo midogo, lakini cheti cha afya kwa bidhaa za mifugo kinabaki palepale. Mwenye lori analipia cheti kimoja kwa maelfu ya mayai. Mwenye trei tatu akikitafuta, faida imekwisha.

Mwaka 2018 homa ya Bonde la Ufa ilizuka mashariki ya Rwanda, serikali ikazuia kuhamisha mifugo katika wilaya zilizoguswa na kuagiza chanjo. Hatua hiyo ilikuwa na akili, kwa kuwa ilimfuata ng'ombe alipo. Miaka miwili baadaye Covid ilifunga njia ya waenda kwa miguu, na wachuuzi wakajifunza kuunganisha mizigo yao na kuituma kwa lori moja. Rwanda ilifungua tena mipaka ya nchi kavu tarehe 7 Machi 2022. Miezi mitatu baadaye Bunagana ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23.

Sotoka yenyewe haikumalizwa na vizuizi vya mpakani. Ilimalizwa na chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake, kisha na aina iliyostahimili joto, ambayo wafugaji waliofunzwa waliweza kuitembeza wiki kadhaa bila friji. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kuwa ugonjwa huo umetoweka.

Aprili 2025, viboko wasiopungua 50 walikufa katika Hifadhi ya Virunga, kusini mwa Ziwa Edward, na vipimo vikaonyesha kimeta. Wasimamizi wa hifadhi waliwaonya watu wakae mbali na wanyama wa porini na wachemshe maji ya kunywa. Mto Ishasha, ambako mizoga ilielea, unapakana na Uganda, na wakati huo Goma na sehemu kubwa ya Rutshuru zilikuwa chini ya M23, mbali na mkono wa wizara ya Kinshasa. Chanjo ya kimeta kwa mifugo inajulikana tangu Pasteur alipoionyesha hadharani mwaka 1881. Wafugaji wa Rutshuru wanaihitaji kwenye malisho yao, na anayepaswa kuwapelekea ni daktari wa mifugo anayeruhusiwa kupita pande zote mbili za mapigano.